Mtunzi wa gemu aliyezima mchezo wake mwenyewe

Mada iliyotolewa kwa wazazi, walimu na vijana kuhusu matumizi ya simu nyumbani



Kila mzazi aliye hapa anaijua hali hii. Unaweka simu mezani uende kupika chai. Ukirudi, mtoto ameinamia kioo. Ukimwita anajibu, "Dakika moja tu, Mama." Dakika hiyo inageuka kuwa saa nzima, na lawama zote zinamwendea mtoto. Ni nadra kusikia mtu akiuliza aliyeitengeneza gemu hiyo ana maoni gani. Yuko mmoja aliyelijibu swali hilo hadharani, na jibu lake lilimgharimu pesa nyingi.

Jina lake ni Dong Nguyen, raia wa Vietnam. Alikulia Van Phuc, kijiji cha karibu na Hanoi kinachojulikana kwa kufuma hariri. Utotoni alipenda kucheza Super Mario Bros., baadaye akasomea kompyuta katika chuo kikuu. Mwaka 2013, akiwa bado anaishi kwa wazazi wake, alitumia siku chache za likizo kuandika gemu aliyoiita Flappy Bird. Hakuwa na kampuni kubwa wala wafanyakazi.

Maoni yake kuhusu gemu za simu yalikuwa wazi. Nyingi aliziona zimesongamana picha na mambo mengi. Yeye alimfikiria abiria aliyesimama ndani ya garimoshi, mkono mmoja umeshika mkanda wa kujizuia asianguke, mwingine umeshika simu. Anayepanda matatu asubuhi anamwelewa abiria huyo. Kwa hiyo alitengeneza gemu ya kidole gumba kimoja: ukigusa kioo ndege anapaa, ukiacha anaanguka, akigonga bomba umeshindwa na unaanza upya.

Gemu hiyo ilitolewa Mei 2013 ikakaa miezi kadhaa bila kusikika. Januari 2014 ilipanda hadi nafasi ya kwanza kati ya programu za bure katika App Store ya Marekani. Ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 50. Nguyen aliwaambia wanahabari kwamba matangazo yalikuwa yakimletea takriban dola 50,000 kwa siku. Kwa viwango vya wakati huo, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya, kila siku.

Hapo ndipo mzazi anapaswa kuielewa biashara hii. Gemu ya bure ina malipo yake. Mchezaji analipa kwa muda wake, maana kadiri anavyokaa ndivyo anavyoonyeshwa matangazo mengi zaidi. Gemu nyingine huuza nguvu, silaha au nafasi ya kuendelea pale mtoto anapokwama. Mwenye gemu hupata faida mchezaji asipoiweka simu chini. Nguyen alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Lakini alianza kupokea ujumbe. Wengine walimweleza kwamba wanafunzi wamevunja simu kwa hasira. Wengine walilalamika kwamba anawapotezea watoto mwelekeo. Mwanzoni alidhani ni mzaha. Ila alikumbuka kwamba yeye mwenyewe akiwa shule ya upili aliwahi kufanya vibaya katika mitihani kwa sababu ya gemu ya Counter-Strike. Nayo kelele ya umaarufu ilimnyima usingizi. Alisema aliiunda gemu yake ichezwe dakika chache mtu anapopumzika, na sasa imewatia watu uraibu.

Mwanzoni mwa Februari 2014 alitangaza kwenye Twitter kwamba ataiondoa baada ya saa 22. Alieleza kuwa uamuzi huo haukuhusu masuala ya kisheria. Saa zilipotimia, aliiondoa kweli.

Yaliyofuata pia yana funzo. Watu walizitangaza simu zenye gemu hiyo katika soko la eBay kwa maelfu ya dola. Waigaji walijaza nakala katika masoko ya programu. Mwaka 2024 kundi lingine lilipotangaza kuirejesha gemu kwa jina lilelile, Nguyen alisema hahusiki nalo.

Basi, hata mtengenezaji mwenye dhamira alifunga mlango mmoja tu, na milango ya simu ni maelfu. Mingine itafungwa nyumbani.

Kwanza, weka nenosiri kwa kila ununuzi katika Google Play au App Store, hasa ikiwa akaunti imeunganishwa na kadi, muda wa maongezi au M-Pesa. Usimpe mtoto PIN yako. Pili, fungua mipangilio ya simu na uweke kikomo cha muda kwa kila gemu. Simu nyingi za sasa zina huduma hiyo bila malipo. Tatu, zima arifa za gemu, maana ndizo humwita mtoto arudi. Nne, simu zote zilale nje ya chumba cha watoto. Sheria hiyo imfunge baba na mama pia.

Usimwite kila mtoto anayecheza mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linautambua uraibu wa gemu kuwa tatizo la kiafya pale mtu anaposhindwa kujizuia, anapotanguliza gemu kuliko mambo mengine, na anapoendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Ukiziona dalili hizo, zungumza na mwalimu na mhudumu wa afya mapema. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Nanyi vijana mnaojifunza kuandika programu, someni pande zote mbili za habari hii. Mtu mmoja, kwa kompyuta moja na siku chache, alitengeneza kitu kilichochezwa na dunia nzima. Kisha alijiuliza kinawafanyia nini watu. Jiulizeni swali hilo kabla ya kuitoa gemu, kwa sababu pesa zikishaanza kuingia, kulijibu huwa vigumu zaidi.