Kitambi, Lehemu na Moyo wa Mwanamume



Nianze na mgonjwa mmoja. Ni mwanamume wa makamo aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo. Alipoanza kujidunga sindano ya kupunguza uzito, mshipi wake ulirudi ndani matundu matatu kwa miezi michache tu. Akajiona amepona, akaacha kidonge cha kushusha kolesteroli, yaani lehemu, alichokuwa akimeza kila usiku. Siku ya kupimwa uzito ulikuwa umeshuka vizuri, lakini kolesteroli ilikuwa imepanda. Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa, akasema, "Lakini daktari, si nimekonda?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Ni swali la haki, kwa kuwa sisi wenyewe, madaktari, tumewazoesha watu kuamini kwamba mzani ukishuka basi kila kitu kimeshuka.

Katika jamii zetu kitambi kilikuwa cheti cha maisha mazuri. Mwanamume akinenepa huambiwa amependeza. Akikonda huulizwa kimemsibu nini. Miaka ya UKIMWI iliizidisha hofu hiyo ya kukonda, hata kule Uganda ugonjwa wenyewe ukapewa jina la Slim, yaani mwembamba. Siwalaumu wazee wetu. Lakini ni lazima tujue mafuta yale yanafanya nini ndani.

Mafuta ya mwanamume hupenda kukaa tumboni, yakizunguka ini na utumbo. Ya mwanamke, kabla hajakoma hedhi, hukaa zaidi kwenye nyonga na mapaja, na hii ni sababu mojawapo ya magonjwa ya moyo kuwafikia wanaume miaka kama kumi mapema. Mafuta ya tumboni hayatulii. Huyeyuka na kumiminika kwenye ini, na ini likielemewa hutengeneza mafuta mengine yaitwayo trigliseridi na kuyatupa kwenye damu. HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, hushuka. Lakini LDL, kolesteroli mbaya inayojenga utando kwenye kuta za mishipa, huenda isipande sana. Kiwango chake hutegemea mno vipokezi vilivyo juu ya ini, vinavyoinasa LDL na kuiondoa kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas ndio waliogundua vipokezi hivyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu aliyerithi vipokezi vichache anaweza kuwa mwembamba kama ufito na damu yake ikajaa lehemu.

Kwa hiyo unene na lehemu ni majirani, lakini hawaishi nyumba moja.

Historia ya dawa za kupunguza uzito inatisha, na sitaki tuiruke. Miaka ya 1930 huko Marekani watu walimeza dinitrofenoli, kemikali inayouchoma mwili kwa joto lake wenyewe. Walikonda kweli. Wengine walipofuka kwa mtoto wa jicho, wengine walikufa, na kemikali hiyo ikapigwa marufuku mwaka 1938. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Inayonifundisha zaidi kuliko zote ni sibutramini. Hii ilipunguza uzito, ikashusha trigliseridi kidogo na kuinua HDL kidogo, hata karatasi ya maabara ikapendeza. Kisha ikafanyiwa utafiti mkubwa ulioitwa SCOUT, kwa watu zaidi ya 10,000 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa au kisukari. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kusimama au kifo cha moyo walikuwa asilimia 11.4 kati ya waliotumia dawa, na asilimia 10.0 kati ya wale ambao hawakupewa dawa yenyewe. Dawa ilikuwa ikipandisha presha na mapigo ya moyo. Ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka huohuo, ingawa hadi leo mamlaka za dawa huikuta imefichwa ndani ya chai na vidonge vinavyouzwa kwa jina la "asili".

Tazameni jambo hilo vizuri. Walikonda, mafuta ya damu yakatulia kidogo, na mioyo ikaumia. Tangu hapo sikubali dawa yoyote ya unene isifiwe mbele yangu kwa kilo peke yake.

Sasa tuje kwenye sindano za siku hizi. Zinaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ambayo hutoka tunapokula na kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Homoni ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache. Semaglutaidi, mojawapo ya sindano hizi, ilitengenezwa idumu wiki nzima. Je, inaulinda moyo? Mwezi Novemba 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa SELECT, uliogharamiwa na Novo Nordisk, kampuni inayoitengeneza dawa hiyo. Washiriki walikuwa 17,604 kutoka nchi 41, wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo au mishipa, na wasio na kisukari. Karibu robo tatu walikuwa wanaume. Kwa muda wa miaka mitatu na zaidi, kifo cha moyo, mshtuko wa moyo au kiharusi viliwapata asilimia 6.5 ya waliodungwa dawa na asilimia 8.0 ya waliodungwa sindano isiyo na dawa. Magazeti yaliandika "asilimia 20", na ni sahihi kwa hesabu ya uwiano. Mimi napenda kusema hivi: katika kila wagonjwa 1,000, kama 15 waliepushwa. Si wachache, na ni watu wenye majina na watoto.

Ila kolesteroli yao? Hapa ndipo mgonjwa wangu alipopotea. Trigliseridi zilishuka kwa takriban asilimia 18. LDL ilishuka kwa takriban asilimia 5, na hata wale wasiopewa dawa yao ilishuka kwa 3. Kumbukeni pia kwamba washiriki 9 kati ya 10 walikuwa tayari wanatumia dawa za kushusha mafuta ya damu. Sindano ilifanya kazi juu ya vidonge. Haikuchukua nafasi yake. Statini ya kawaida, yaani kidonge cha kushusha kolesteroli, hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50, kwa sababu hulilazimisha ini kuongeza vile vipokezi. Tangu mwaka 1994 tunajua, kutokana na wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia, wengi wao wanaume, kwamba statini iitwayo simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Ni kidonge cha zamani na cha bei nafuu, na inaniuma kuona mtu anakidharau kwa sababu hakina sifa mtandaoni.

Basi sindano iliulinda moyo kwa njia gani? Kipimo cha uvimbe wa ndani ya mwili kilishuka kwa zaidi ya theluthi moja, na presha ilishuka kidogo. Uchambuzi uliofuata, katika jarida la The Lancet mwaka 2025, ulionyesha kwamba faida haikufuata kilo zilizopotea; theluthi moja hivi ilielezwa na kupungua kwa kiuno. Utepe wa fundi cherehani ulijua zaidi kuliko mzani.

Na kiuno cha nani? Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeweka sentimita 94 kuwa mpaka kwa wanaume wa Kusini mwa Sahara, lakini kipimo hicho kiliazimwa kwa Wazungu kwa kukosa takwimu zetu. Katika SELECT pia, watu weusi hawakufika 4 katika kila 100. Vijana mnaosomea udaktari, kazi ya kuzitafuta takwimu zetu ni yenu.

Wapo wanaouliza kuhusu kijana wa miaka 35 mwenye kitambi na moyo mzima. SELECT haikumhusu. Ajue pia kwamba sehemu ya uzito unaopotea ni misuli, kwamba katika utafiti huo mtu mmoja kati ya sita aliacha dawa kwa sababu ya madhara, hasa ya tumbo, na kwamba anayeacha hurudisha sehemu kubwa ya kilo zake ndani ya mwaka. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 wenye unene pamoja na ugonjwa wa moyo au figo. Huko ndiko fedha zetu chache zianzie.

Wanaume mliomo humu, hasa mliovuka miaka 40: kabla hamjauliza sindano inauzwa wapi, nendeni mkapimwe mafuta ya damu, presha, sukari na kiuno. Na aliyeandikiwa statini asiiache kwa sababu suruali imempwaya. Arudi kwanza kwa daktari wake, azungumze naye.