MKANDA WA KUBEBEA SILAHA
Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwa kikundi cha ngozi cha ushirika wetu. Yamebandikwa hapa ili waliokuwa shambani siku ile nao wasome.

 

Leo sikuja kuhutubia. Nimekuja na mkanda. Huu hapa, upitisheni mkono kwa mkono, kila mtu aukunje na auvute. Mkishaushika mtajua kwa nini tumeitana siku ya kazi.

Huu ni mmoja wa ile mikanda 20 tuliyowashonea walinzi. Tisa imerudi. Haikurudi kwa sababu ya rangi, wala bizimu. Imerudi kwa sababu imelegea. Mlinzi akivaa bastola, mkanda unapinduka kwa nje, ala inaning'inia kama embe bivu, na akipanda pikipiki ala inalala mdomo chini. Mmoja wao bastola ilimtoka barabarani, pale malori yanapopanga foleni ya kwenda Zambia. Bahati nzuri aliisikia ikianguka, akairukia. Hebu fikirini ingeokotwa na mtoto. Au na mtu mwenye nia yake, maana mpakani pale watu ni wengi na kila mmoja ana safari yake.

Kosa ni letu. Na kwa kuwa katibu naye ni mtu, nianze na langu. Mimi ndiye niliyewasukuma mmalize kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee wetu wa kukata alisema ngozi ya mgongo imekwisha, tungoje nyingine. Nikamjibu kwamba ngozi ni ngozi. Maneno hayo nayafuta leo mbele yenu, na mzee nimekwisha mwendea nyumbani kumwomba radhi.

Sasa tuelezane. Bastola yenye risasi ndani ina uzito wa kilo moja hivi, nyingine pungufu kidogo, nyingine imezidi. Kilo moja ni paketi ya sukari, mtoto anaibeba. Lakini hiyo inaning'inia mahali pamoja, upande mmoja wa kiuno, zamu nzima, mwaka mzima, mtu anakaa, anainama, anakimbia. Mkanda wa suruali kazi yake ni kushika suruali. Mkanda huu kazi yake ni ya boriti. Ukijikunja kwa upana wake umeshindwa, hata kama unang'aa.

Ng'ombe mmoja hana ngozi ya namna moja. Ya mgongoni, kutoka mabegani hadi matakoni, ndiyo nene na imeshikamana. Ya tumboni ni nyepesi na inavutika, kwa sababu tumbo lenyewe la ng'ombe linajaa na kupungua kila siku. Ya shingoni ina mikunjo. Basi mkanda wa silaha ukatwe mgongoni, kwa urefu wa uti wa mgongo, si kwa kukingama. Ile tisa iliyorudi tuliikata tumboni. Nimeipima mmoja mmoja na mzee, hakuna hata mmoja uliotoka mgongoni. Ile 11 iliyobaki huko ndiyo ya mgongo. Hapo hakuna cha kubishana.

Ngozi ya tumbo siyo ya kutupa. Ishonwe mifuko, vipochi, mikanda ya watoto wa shule. Kila kitu na kazi yake.

Tena kazi hii haianzi kwenye karakana, inaanza machinjioni. Wachinjaji wetu wanajua nyama, hawajali ngozi. Kisu kikichoma ngozi wakati wa kuchuna, tundu lile linakata mkanda mzima. Wafugaji wa bonde la Momba nao wanapiga chapa ya moto matakoni, palepale penye ngozi bora. Chapa ipigwe chini mguuni au shavuni. Halafu kuna kupe. Zamani kwenye mikutano ya Chama tukisema kupe tulikuwa na maana ya wanyonyaji, na watu walicheka. Leo nasema kupe yule mdogo wa kwenye sikio la ng'ombe. Huyo anaacha alama ambayo haifutiki hata ngozi ikisha kuiva. Ng'ombe aogeshwe.

Ngozi ikichunwa itiwe chumvi siku hiyohiyo, ipate karibu theluthi moja ya uzito wake, upande wa nyama. Ikilala bila chumvi imeanza kuoza, na uozo huo hamtauona mpaka siku mkanda unakatika. Halafu ioshwe, iingie kwenye maji ya chokaa siku kadhaa mpaka manyoya yalegee, iparwe pande zote mbili, ioshwe tena chokaa itoke. Ndipo iende kwenye maji ya magome. Ianze kwenye maji hafifu, baadaye makali, kisha makali zaidi. Ukianza na makali, upande wa nje unaiva na katikati panabaki pabichi. Ngozi nene inataka wiki nyingi. Kata kipande pembeni utazame, kama katikati kuna mstari mweupe, irudishe.

Magome ya miwati ndiyo mazuri. Njombe hapo wanayo mashamba makubwa, na kampuni ya miwati ilianzishwa kule mwaka 1949 kwa ajili ya dawa hii hii ya ngozi. Sisi tunapita Makambako kila siku na magunia ya mahindi na kahawa, tunarudi na magari matupu. Ngozi ya magome inakuwa ngumu, inashika umbo, inafaa mkanda na ala. Ile ya dawa za kiwandani inayoiva siku chache, yenye rangi ya buluu ndani, ni laini, inafaa viatu na mifuko. Msidanganywe na ulaini wake sokoni.

Mtaniuliza, Katibu, uzito wote huo kiunoni, hakuna njia nyingine? Iko. Mmeona maafisa kwenye gwaride wamevaa mkanda wa kiunoni na mwingine mwembamba umepita begani. Ule una historia yake. Alikuwako afisa wa Kiingereza kule India, jina lake Sam Browne. Mwaka 1858 vitani alikatwa mkono wa kushoto. Siku zile afisa alishika ala ya upanga kwa mkono wa kushoto isichezecheze, akachomoa upanga kwa wa kulia. Sasa mkono hana. Akabuni mkanda mnene wa kiuno, na ukanda wa ngozi kupita bega la kulia kwenda kushikilia uzito upande wa kushoto. Majeshi ya nchi nyingi yakauiga. Wakoloni walituletea mengi tusiyoyaomba, lakini akili ya mkanda haina taifa. Kwa mlinzi anayebeba bastola pamoja na rungu na tochi, tumshonee huo wa begani. Wazee wetu wa mgambo walioitwa vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 hawahitaji kuelezwa habari ya uzito unaokata bega.

Sasa kushona. Mkanda uwe na tabaka mbili, kila moja milimita 3 hivi, upana inchi moja na nusu, ulingane na tundu la ala usicheze ndani yake. Kabla ya kukata, lowesha ukanda, utundike na jiwe ujivute kwanza hapa kwetu, usije ukajivutia kiunoni kwa mtu. Mkigundisha tabaka mbili, zigundisheni zikiwa zimepindwa kama kiuno. Mkizigundisha zimenyooka juu ya meza, tabaka la ndani litajikunja mikunjo siku ya kwanza ya kuvaliwa.

Mashine ya cherehani hapana. Najua ni haraka. Lakini mshono wa cherehani uzi ukikatika mahali pamoja unafumuka kama fulana. Sisi tushone kwa mkono, uzi mmoja sindano mbili, kila tundu la msharasi lipitwe na sindano zote mbili, moja ikitoka huku nyingine huku. Hapo uzi mmoja ukilika, mwenzake bado ameshika. Uzi upakwe nta ya nyuki. Nta tunayo, warina asali wetu wanaitupa.

Matundu yatobolewe mviringo kwa kitobo, si kupasuliwa kwa kisu, maana mpasuko unaendelea wenyewe. Bizimu ziwe za shaba au chuma, siyo zile za kumwaga zinazovunjika kama biskuti.

Kipimo. Msipime kwa namba ya suruali. Mpime mtu akiwa amevaa nguo zake za kazi pamoja na ala, kutoka panapokunjwa bizimu mpaka tundu la katikati. Na asiyejua kusoma futikamba aje kwangu jioni bila haya. Mimi mwenyewe nilizijua namba hizo ukubwani, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, nimekaa dawati moja na mama mkwe wa ndugu yangu.

Jambo la silaha yenyewe. Iko Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na silaha bila kibali ni jela. Sisi tunashona ngozi tu. Mkanda atauziwa yeyote. Ala ya bastola atashonewa mwenye kibali chake mkononi, na jina liandikwe kwenye daftari. Tena bastola haingii karakana. Fundi seremala atachonga mfano wa mti, ngozi ikandikwe juu ya mti huo. Na kila mteja aambiwe, silaha isilazwe ndani ya ala usiku kucha. Ngozi inashika unyevu, chuma kinakula kutu.

Kule Karanga, Moshi, kiwanda cha ngozi kinatengeneza viatu na mikanda. Chuo cha DIT tawi la Mwanza kinafundisha kazi ya ngozi. Naleta hoja kwa Mwenyekiti kwamba kijana mmoja, na napenda awe msichana, apelekwe akasome, kwa fedha ya mfuko wetu.

Mfuko huo una jeraha sasa. Mikanda tisa tunaishona upya bure, na ushirika hautamlipa mtu posho kwa tisa hizo, kuanzia na mimi niliyekuwa nimelipwa ya usimamizi. Nimeirudisha kwa mweka hazina jana, risiti iko ukutani chini ya karatasi hii. Ile iliyorudi itakatwa iwe kamba za kufungia ndama.

Ngozi mbili za mgongo zilizotiwa dawa tangu masika ziko tayari. Mzee atakata Jumatatu asubuhi, na safari hii hakuna atakayemharakisha. Wenye misharasi iliyoazimwa wairudishe Jumapili.