Gia Inapolia, Usianze na Dereva
Hotuba fupi mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponitaka niseme machache, alitegemea nitazungumzia kazi za Serikali. Naomba radhi. Nitazungumzia giaboksi. (Kicheko.)

Marehemu baba alituachia Land Rover Series III. Mimi kazi yangu iko Mbeya, hivyo gari lilikaa kwa mdogo wangu Mafinga, naye ndiye aliyekuwa akimpeleka mama kliniki Iringa, mwendo wa kilometa 80 hivi. Mwaka juzi, katika baridi ya Julai, nililichukua ili nije nalo Mbeya. Sijafika Makambako, gia zikaanza kukwaruza. Kila nilipobadili, meno yalisagana, na gia ya pili ikakataa kabisa.

Palepale nilikata shauri kwamba mdogo wangu hajui kuendesha, ameua giaboksi ya baba. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya walimu wangu. Nikarudisha gari Mafinga pole pole, nikaliegesha uani, nikaondoka na ufunguo. Kwa muda wa miezi mitatu mama alikwenda kliniki kwa basi, siku nyingine akisimama njia nzima. Wakati huo mimi nilikuwa nadunduliza fedha, maana fundi mmoja alikwisha niandikia hesabu ya giaboksi nzima kabla hata hajaliona gari.

Siku ya kuishusha alikuja kijana mwingine, fundi wa chini ya mti. Akanisalimu, "Shikamoo mzee," kisha akasema, "Kabla hatujashusha, tuijaribu kwanza."

Ndugu wanafunzi, sikilizeni alivyofanya, maana ni somo la fizikia.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, alipitisha gia zote. Zote ziliingia laini. Akawasha injini, zikagoma. Kwa hiyo mkono wa gia ulikuwa mzima.

Pili, alikanyaga klachi hadi chini, akahesabu mpaka tano, akaweka rivasi. Ikalia. Rivasi ya gari hili haina sinkro, yaani ile ringi ya shaba inayosawazisha mwendo wa gia kabla meno hayajakutana. Klachi ikiachia sawasawa, shafti inayotoka kwenye injini husimama, na rivasi huingia kimya. Ikilia, shafti bado inazunguka. Basi mshtaki klachi kwanza.

Akafungua kikopo cha mafuta ya klachi. Kilikuwa karibu kitupu. Mpira wa silinda ndogo ya chini ulikuwa umechoka, mafuta yakavuja na hewa ikaingia. Alibadili mpira, akajaza mafuta, akatoa hewa. Gia zikaingia zote. Giaboksi haikufunguliwa hata nati moja.

Alinifundisha na mengine. Rivasi ikiingia kimya lakini gia moja tu ya mbele inalia, ringi ya sinkro ya gia hiyo imelika. Zikilia zote za mbele, tazama oili: pengine imepungua, au si ya aina yake. Baadhi ya oili za GL-5 zina dawa ya salfa inayoweza kula shaba. Fuata kitabu cha gari. Kelele ikisikika gari likiwa nyutro na kutoweka ukikanyaga klachi, shuku beringi ya shafti ya kuingilia. Ikisikika pale tu unapokanyaga, shuku beringi ya klachi yenyewe. Na wenye Land Rover za kabla ya 1971 wakumbuke kwamba gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro. Hapo dereva hukanyaga klachi mara mbili.

Sasa niseme lililonileta hapa. Kikopo kile kiko chini ya boneti, na mwenye kadi ya gari ni mimi. Kila likizo nililiendesha, wala sikupata kufunua boneti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimekwisha jenga ukuta baina yangu na ndugu yangu.

Nilimfuata nyumbani kwake, nikamrudishia ufunguo mbele ya mama, nikaomba msamaha. Akajibu, "Kaka, hayo yamekwisha." Mama hakusema neno. Jumatatu ile alipanda mbele kama zamani, wakaenda Iringa.

Ofisini nimesoma mafaili mengi ya watu walioshtakiwa kabla mtu hajafunua boneti. Siku hizi, kabla sijatia sahihi, huuliza kwanza: je, tumejaribu rivasi?

(Makofi.)