Kidhibiti cha Joto Ukutani: Kifungwe Wapi, Kifungwe Vipi, na Nani Akifunge

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti kwa wanakamati wa vituo vya afya, wauguzi na mafundi wa umeme.

 

Leo nitazungumza kuhusu kifaa kisichozidi ukubwa wa kiganja. Ni kile kidhibiti kinachofungwa ukutani, chenye kioo kidogo kinachoonyesha nyuzi za joto na vitufe viwili vya kupandisha na kushusha. Kazi yake ni kuiambia hita iwake au izime, na kukiambia kiyoyozi kipoze au kipumzike. Mimi si fundi wa umeme, kazi yangu ni habari. Haya nitakayosema nimeyakusanya kwa wahandisi na mafundi wenye leseni, na nimeyapanga kwa lugha ambayo mwanakamati asiyejua umeme anaweza kuitumia kuuliza maswali.

Kwa nini tujishughulishe nacho? Sisi wa Nyandarua tunaijua baridi. Mwezi wa Julai, Kinangop na Ol Kalou, mtu huamka akakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Mtoto aliyezaliwa usiku wa namna hiyo anatoka mwilini mwa mama akiwa amelowa, na hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumba cha kujifungulia kiwe na joto la nyuzi 25 hadi 28, bila upepo unaopita, na mwili wa mtoto ubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kumpangusa mtoto na kumlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, ndiyo kinga ya kwanza, na hakuna mashine inayochukua nafasi yake. Lakini muuguzi anayefanya kazi hiyo katika chumba cha nyuzi 16 anapigana vita akiwa na mkono mmoja.

Kuna anayeuliza, kupoza ni kwa nini hapa kwetu penye baridi? Nenda kwenye stoo ya dawa yenye paa la mabati, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Dawa nyingi huandikwa kwenye pakiti zisiwekwe mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 25 au 30. Nenda pia kwenye maabara ndogo yenye mashine tatu zinazotoa joto mchana kutwa. Nyumba moja inahitaji kupashwa joto alfajiri na kupozwa alasiri, na kidhibiti kimoja kikifungwa vizuri kinafanya kazi zote mbili.

Mahali pa kukifunga

Kabla ya waya, tuzungumzie ukuta. Kidhibiti hakipimi joto la chumba kizima. Kinapima hewa inayokigusa pale kilipo. Ukikifunga mahali pabaya kitakudanganya kila siku, hata kama waya zake zimefungwa na fundi bora kabisa.

Kifungwe mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, kwenye ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na baridi ya nje. Kisifungwe mahali jua linapofika, wala karibu na mlango unaofunguliwa kila wakati. Kisiwe juu ya hita, karibu na friji au mahali pa kuchemshia vyombo. Kisifichwe nyuma ya pazia, kabati au mlango ukiwa wazi. Kisitazame moja kwa moja mdomo wa kiyoyozi, maana kitapigwa na hewa baridi, kitadhani chumba kimepoa, na kitazima wakati kitanda cha kona ya pili bado kina joto.

Jambo moja husahaulika sana. Waya zinatoka kwenye tundu la ukuta nyuma ya kidhibiti, na tundu hilo mara nyingi linafika hadi darini. Hewa baridi ya darini inashuka humo na kukipulizia kidhibiti kisogoni. Chumba kina nyuzi 26, kidhibiti kinasoma 21, na hita inawaka usiku kucha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, usipoziba tundu utalipa bili. Fundi azibe tundu hilo kabla ya kukaza kidhibiti.

Jua kidhibiti chako ni cha aina gani

Vidhibiti vinafanana usoni, lakini ndani havifanani. Kuna vya aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza hupitisha umeme wa kawaida wa nyumbani, volti 240. Nyuma yake utakuta mahali pa laivu, mahali pa nyutro, kisha sehemu za feni kwa mwendo wa juu, wa kati na wa chini, na sehemu za kuamuru joto na baridi.

Aina ya pili hutumia umeme mdogo au waya nyembamba za mawasiliano tu kutoka kwenye kiyoyozi. Vile vilivyotengenezwa kwa mtindo wa Marekani hutumia volti 24 na huandikwa kwa herufi: R ni umeme unaoingia, C ni waya wa kurudi, W ni joto, Y ni kupoza, na G ni feni. Ukipeleka volti 240 kwenye kidhibiti cha aina hii, umekiua siku hiyo hiyo, na pengine umeua pia bodi ya kiyoyozi, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya kidhibiti mara nyingi. Waya hizi nyembamba zisipitishwe kwenye bomba moja na waya za umeme mkubwa, kwa sababu za usalama na pia kwa sababu mawasiliano huvurugika.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwanakamati kwa fundi ni hili: "Mchoro wa waya uliokuja na kifaa uko wapi?" Fundi asiye na mchoro anabahatisha. Mchoro huo ubaki kituoni, ndani ya faili, ili fundi wa mwaka ujao aukute.

Kuhusu hita kubwa

Hapa naomba mafundi mnisikilize kwa makini. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 inavuta ampea 8 na ushee. Kipo kidhibiti kinachoweza kubeba ampea 16, na kipo kisichoweza kuzidi ampea 3. Kiwango kimeandikwa mgongoni mwake au kwenye karatasi yake. Ukifunga hita ya ampea 8 kwenye kidhibiti cha ampea 3, leo itawaka, na kesho itawaka. Lakini kila siku mguso wa ndani unaungua kidogo, plastiki inabadilika rangi, hadi usiku mmoja moshi unatoka ukutani, chumba kikiwa na mama na mtoto. Dawa yake ni kontakta: kidhibiti kinaamuru kontakta, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo wa hita. Kontakta ni nafuu kuliko wodi.

Kufunga waya

Kazi huanza kwa kuzima. Si swichi ya ukutani, ni sakitibreka ya mkondo ule kwenye boksi kuu, na karatasi ibandikwe pale: "Usiwashe, fundi yuko kazini." Mahali penye kufuli, ifungwe.

Kisha kupima, hatua tatu. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme, uhakikishe kipimo chako ni kizima. Pima waya unazotaka kugusa. Rudi upime tena pale penye umeme. Kipimo kilichokufa katikati ya kazi kitasema hakuna umeme hata kama upo.

Rangi za waya nazo zimewahi kuponza watu. Katika majengo ya zamani, nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Katika waya za sasa, kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Sasa angalieni hatari. Katika mfumo wa zamani wa fezi tatu, buluu ilikuwa fezi, yaani waya wenye umeme. Katika mfumo mpya wa fezi tatu, nyeusi ni fezi. Vituo vyetu vingi vimeongezwa vyumba miaka tofauti, na rangi za zamani na mpya zinakutana ndani ya ukuta mmoja. Fundi asiamini rangi, aamini kipimo.

Kama anabadilisha kidhibiti cha zamani, apige picha ya waya kabla ya kufungua hata mmoja, na abandike alama kwenye kila waya. Kisha akaze kila waya mahali pake, auvute kidogo kuona kama umeshika, asiache shaba ikichungulia nje ya skrubu. Boksi la chuma ukutani lazima lifungwe ethi. Kidhibiti kinyooshwe kwa pimamaji, kifuniko kishike vizuri, ndipo umeme urudishwe.

Kupanga nyuzi

Kifaa kinachopasha joto na kupoza kinahitaji nafasi katikati. Ukiagiza joto liwake chini ya nyuzi 25 na kupoza kuanze juu ya nyuzi 25, hita na kiyoyozi vitagombana mchana kutwa, kimoja kikipasha, kingine kikipoza, na ninyi mkilipia vyote viwili. Acheni pengo. Katika chumba cha kujifungulia, joto liwake likishuka chini ya 25, na kupoza kusianze kabla ya 28. Stoo ya dawa ina mpango wake, na pakiti za dawa ndizo zinazosema.

Umeme ukipotea na kurudi, kiyoyozi huweza kuchelewa dakika tatu hivi kabla ya kuanza kupoza. Hiyo si hitilafu. Ni kinga ya kompresa, kwa hivyo tusibonyeze vitufe kwa hasira. Lakini hakikisheni kidhibiti kinakumbuka nyuzi mlizoweka baada ya umeme kurudi. Kisichokumbuka hakifai wodi, maana umeme hupotea saa tisa usiku wakati hakuna anayekitazama.

Nani afanye kazi hii, na nani aipokee

Kijana wa mtaani anaweza kuwa hodari, lakini sheria inataka anayefanya kazi ya kufunga umeme awe na leseni ya mamlaka ya EPRA. Ombeni leseni, msome jina, mtazame tarehe. Kifaa chenyewe kiwe na alama ya KEBS. Kuomba leseni si kumdharau fundi, na fundi wa kweli huitoa kabla hajaulizwa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kazi na bidhaa zikaguliwe na kamati ya ukaguzi na upokeaji. Ukaguzi si kutia sahihi juu ya bahasha. Kwa kifaa hiki, fanyeni hivi. Wekeni kipimajoto cha kawaida kando ya kidhibiti kwa nusu saa na mlinganishe. Pandisheni nyuzi tatu juu ya joto la chumba, hita iwake. Shusheni nyuzi tatu chini, hita izime na kupoza kuanze baada ya muda wake. Gusa ukuta pembeni baada ya saa moja, usiwe na moto. Ombeni mchoro, dhamana na karatasi ya majaribio iliyotiwa sahihi na fundi. Kimoja kikikosekana, kazi haijaisha, na malipo yasubiri.

Hili linawahusu kwa sababu ya pesa pia. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, kituo hubaki na mapato yake kiyatumie. Shilingi inayoliwa na hita inayopigana na kiyoyozi inatoka kwenye mfuko ule ule wa glavu na dawa.

Na kwa mwananchi asiye kwenye kamati yoyote: Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Unaweza kuuliza kituo chako nani alifunga umeme wa wodi, kwa leseni gani, na ulipimwa lini. Kuuliza hivyo si ugomvi. Mimi nimeajiriwa ili maswali kama hayo yapate majibu.

Kwa hiyo mkirudi vituoni, msianze na mkutano. Ingieni wodi ya kina mama, mtafute kile kifaa ukutani, mkisome nyuzi zake, kisha muweke mkono nyuma ya kifuniko mhisi kama kuna upepo. Mkiuhisi upepo, iteni fundi mwenye leseni kabla ya Julai.