Mwalimu Mpya na Wenyeji Wake: Tuliyojifunza Busia na Tororo
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wakimbizi, siku ya kumbukumbu)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya walimu wapya. Tunashukuru kupewa nafasi hii mapema, maana siku kama hizi mwalimu hutajwa mwisho, wakati watu wamekwisha kugeuza macho kutazama sufuria.

Njia tuliyopita wengi wenu mnaijua. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na muda si muda watu walikuwa wakivuka Busia na Malaba na magodoro kichwani. Wengi walilazwa madarasani upande wa Uganda. Shule zilipokaribia kufunguliwa mwaka 2008 madarasa yakahitajiwa na wenyewe, nasi tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa hapa Kiryandongo. Sisi tunaosema leo tulikuwa wanafunzi wakati ule. Tuliwaona walimu wetu, watu wazima wenye vyeti, wakiwa wapya tena kama watoto wa siku ya kwanza.

Hilo ndilo tunalotaka mlifikiri. Mwalimu aliyetoka chuo cha Kenya na cheti chake cha P1 alikuwa amezoea shule ya msingi ya miaka minane na mtihani wa KCPE. Uganda shule ya msingi ni miaka saba na mtihani ni PLE. Mtoto aliyekuwa darasa la nane akae wapi? Kiswahili, ambacho kwa Kenya kilikuwa somo la lazima katika mtihani, hapa hakikuwamo kabisa. Tena tangu mwaka 2007 Uganda ilikuwa imeanza mtaala mpya wa madarasa matatu ya chini, unaotaka mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao. Tororo lugha hiyo ni Kidhopadhola au Kiteso. Mwalimu aliyekimbia kutoka Eldoret angefanya nini mbele ya watoto hao? Afadhali Msamia au Mteso, kwa sababu watu wao wako pande zote mbili za mpaka na lugha ni ile ile. Wengine walibaki na chaki mkononi tu.

Aliyewaokoa wengine hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa mwalimu mwenyeji, mtu wa makamo, ambaye alikuja kukaa nyuma ya darasa siku tatu kwa juma. Hakuja kukagua. Mtoto akikwama alimtafsiria, na mwalimu mgeni akikwama alinyamaza mpaka kipindi kishe, ndipo wakakaa chini ya mwembe na kulifungua azimio la kazi ukurasa kwa ukurasa. Alimwazima daftari lake la maandalio ya masomo, la mwaka uliopita, likiwa na madoa ya chai. Sisi watoto tulicheka kuona mwalimu akifundishwa. Leo hatucheki, kwa kuwa tumejua thamani ya daftari lile.

Baadaye baadhi yetu tulisomea ualimu katika vyuo vya Uganda. Kule mpakani kuna Chuo cha Mukujju, Tororo, na Chuo cha Busikho, Busia, vilivyotoa walimu wa Gredi ya Tatu kwa miaka mingi. Huko tukakuta kwamba jambo alilolifanya mzee yule kwa hiari yake, serikali ilikuwa imelifanyia mpango tangu miaka ya 1990: chuo cha ualimu kinachoongoza eneo kinakuwa na wakufunzi wa vituo, na kila mkufunzi ana kundi la shule anazozizungukia, mara nyingi kwa pikipiki, kuwasaidia walimu darasani. Kenya nayo ilikuwa na wakufunzi wa vituo vya TAC kwa kazi kama hiyo. Mpango ni mzuri. Lakini mkufunzi mmoja ana shule nyingi, mvua inanyesha, petroli inakwisha. Mwalimu mpya humwona mara moja kwa muhula, akibahatika. Siku zote zilizobaki msaada wake ni mwenzake wa chumba cha pili.

Na hapa kwetu mambo yakoje? Tangu Desemba 2013, vita vya Sudan Kusini vilipoanza, madarasa yalifurika. Tunawajua walimu wapya waliokabidhiwa watoto zaidi ya mia siku ya kwanza, la kwanza tena, darasa gumu kuliko yote, kwa sababu tu wenye miaka mingi walikuwa wamekwisha kujichagulia la sita na la saba. Mwalimu wa namna hiyo akiondoka kabla ya muhula kwisha watu husema vijana wa siku hizi hawana moyo. Sisi tunasema moyo walikuja nao. Hawakupata mtu wa kuwaazima daftari.

Ndugu wa mashirika, semina mnazotuandalia tunazipenda, na soda pia. Lakini semina ya siku mbili haiwezi kumfuata mwalimu darasani siku ya Jumatatu. Mkiweza, mpunguzieni mwalimu mzoefu vipindi vichache ili apate kukaa nyuma ya darasa la mgeni kwa mihula miwili. Hilo gharama yake ni ndogo kuliko hema moja la mkutano. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Basi tusaidieni katika karatasi za kulinganisha vyeti na kuandikishwa, maana mwalimu mwenye cheti cha nje hawezi kuhangaika peke yake na nauli za Kampala.

Kuna jambo lingine ambalo linatufurahisha, nalo tusilifiche. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wenyeji wengi hawakukisoma. Wengine walikuwa wakikiita lugha ya askari. Sasa wanatujia jioni wakiuliza ngeli, na kwa nini tunasema kiti kimevunjika lakini mti umevunjika. Mzee wa Mulanda alitafsiri Kidhopadhola kwa ajili yetu. Leo mwenyeji ndiye mwalimu mpya, na sisi tunakaa nyuma ya darasa lake. Tunaomba Kamati iwaandike wote wanaoweza kazi hii, hata wale waliokuwa walimu Kenya na sasa wanalima mahindi tu. Wako. Majina yao tunayo.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tutakutana katika darasa la nne na walimu watatu waliopangwa muhula huu. Wazazi wanakaribishwa. Mwenye azimio la kazi la zamani la madarasa ya chini, hata kama limechanika, alilete.