Kiti cha Mbele Hakitoshi

Somo letu ni Yoshua, sura ya 14. Kalebu ana miaka 85. Wengine wanagawanyiwa nchi, lakini yeye haombi mahali pa kupumzika. Anaomba mlima, na mlima wenyewe ungali na maadui.

Ili tulielewe neno hilo, twende kidogo Marekani, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujauona. Unaitwa besiboli. Mmoja anatupa kijipira kigumu kwa nguvu. Mwenzake anasimama na gongo la mti ili akipige. Akikipiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi pale alipoanzia, timu yake inapata pointi moja.

Mtupaji mmoja mkubwa aliitwa Satchel Paige, mtu mweusi aliyezaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906. Wakati wa ujana wake timu kubwa hazikupokea watu weusi. Sheria haikuandikwa mahali popote; wenye timu walipatana tu. Weusi wakafanya ligi zao wenyewe, na nguvu za ujana wa Paige zikatumika huko. Mwaka 1947 Jackie Robinson akaingia, na mlango ukafunguka. Paige akaitwa na timu ya Cleveland mwaka 1948. Alikuwa na miaka 42, umri ambao wengi wamekwisha kuacha mchezo. Kuna waliosema ameitwa ili kuvuta watazamaji tu. Lakini mwaka ule alishinda michezo 6 na kupoteza mmoja, na Cleveland ikachukua ubingwa.

Sikilizeni tena. Mwaka 1965, timu ya Kansas City ilimwita kwa mchezo mmoja. Alikuwa na miaka 59. Mwenye timu akaweka kiti cha kubembea kando ya uwanja, na muuguzi wa kumhudumia, ili watu wacheke. Paige akakaa. Saa yake ilipofika akasimama, akatupa mpira kwa vipindi vitatu mbele ya vijana wa Boston, na katika vyote hivyo walimpiga vizuri mara moja tu.

Wapendwa, hicho kiti tunakijua. Sisi pia tunacho katika makanisa yetu. Mzee akifika siku ya Mungu, tunamsimamia, tunampa kiti cha mbele, tunasema: "Karibu, baba." Ni heshima, na tusiiache. Lakini baada ya hapo, nani anamuuliza neno? Nani anampa kazi? Kamati ni ya vijana, kwaya ni ya vijana, hata maombi ya usiku tunasema hatayaweza. Miezi inapita, anabaki nyumbani peke yake. Na tunajua, katika mitaa yetu, mzee aliyeachwa peke yake anaanza kusemwa vibaya. Mtoto akiugua, wanamtazama yeye. Neno la uchawi linaanzia hapo, na limekwisha kutoa damu. Kanisa lisinyamaze.

Basi tufanye nini, maana kweli magoti yamechoka? Tujifunze tena kwenye mchezo. Besiboli ina mdogo wake, softiboli, iliyozaliwa Chicago mwaka 1887, siku ya sikukuu ya shukrani. Vijana walikuwa ndani ya nyumba. Wakafunga glavu ya ndondi kama mpira, wakaipiga kwa fimbo. Mpira wa softiboli ni mkubwa kuliko ule wa besiboli, na mkono unautupa kutoka chini. Kwa sababu hiyo wazee wameupenda. Katika mji wa St. Petersburg, Florida, tangu mwaka 1930 kuna chama cha wachezaji wa miaka 75 na kuendelea. Leo wazee wengi Marekani wanacheza kwa kujifurahisha, na sheria zimerekebishwa kwa ajili yao. Mzee anapiga mpira, lakini akichoka miguu, mwingine anaruhusiwa kumkimbilia. Pale mwisho wa mbio wanaweka vituo viwili, mkimbiaji na mlinzi kila mmoja na chake, ili wasigongane na kuvunjika mifupa.

Mnaona? Hawakumtoa mzee uwanjani. Walibadilisha sheria, mzee akabaki.

Nasi tunaweza. Mama mzee hawezi kupanda kilima kwenda kwenye maombi? Maombi yashuke kwake, yafanyike katika nyumba yake, naye ayaongoze. Baba haoni tena maandishi? Kijana amsomee, na yeye aeleze. Ndoa inataka kuvunjika? Wamwendee aliyekaa miaka 50 na mke wake. Kijana atoe miguu, mzee atoe neno.

Juma hili, kila nyumba inayotusikia imtafute mzee mmoja. Msimpelekee sabuni na chumvi peke yake. Mpelekeeni na kazi.

Tuombe. Bwana, utusamehe kwa wazee tuliowakalisha na kuwasahau. Uwape mlima wao, nasi utupe miguu ya kuwasindikiza. Katika jina la Yesu. Amina.