KUUNGA MASHINE YA KANDA KATIKA SEVA YA OFISI

Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi



Zamani hesabu ya mwanachama ilikuwa katika leja, na stakabadhi yake alikaa nayo nyumbani. Leja ikiliwa na mchwa, chama kiliweza kuijenga upya kwa kukusanya stakabadhi, ingawa kwa taabu kubwa. Katika vyama vilivyokwisha ingiza kompyuta, kilo alizopima mkulima, malipo ya awali, hisa na deni la pembejeo vyote vimo ndani ya seva moja, aghalabu chini ya meza ya mhasibu. Seva hiyo ikifa wiki moja kabla ya malipo ya pili, kamati itamjibu nini mkulima anayeuliza anadai kiasi gani?

Wako wanaosema kwamba diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva yatosha. Haitoshi. Kitu kilichochomekwa usiku na mchana hupatwa na yote yanayoipata seva: radi, moto, mwizi, na zile programu haramu zinazofunga mafaili kisha zikadai fidia. Kanda iliyotolewa katika mashine na kufungiwa mahali pengine haifikiwi na programu yo yote. Mnamo Februari 2011 hitilafu katika programu ya kuhifadhia data iliondoa barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail. Google ilikuwa na nakala katika vituo mbalimbali, na hitilafu ile ile ikazigusa nakala hizo. Barua zilirudishwa kutoka katika kanda. Kampuni yenye mali kiasi hicho haikuona haya kutunza kanda.

Mashine yenyewe ni ghali. Mpya ya aina ya LTO hufikia maelfu ya dola, wakati kanda ni rahisi. Chama kidogo hakina haja ya kuinunua peke yake, na ingekuwa busara vyama vya jirani vikaitumia ya chama kikuu. Anayenunua iliyotumika aangalie kizazi chake. LTO-7 husoma kanda za vizazi viwili vilivyotangulia, lakini LTO-8, iliyotoka mwaka 2017, husoma na kuandika za LTO-7 tu pamoja na zake. Katibu anayebadilisha mashine bila kuuliza hilo huenda akabaki na sanduku la kanda zisizosomeka.

Sasa kazi ya kuunga. Mashine nyingi za ofisi huungwa kwa njia ya SAS. Fundi asiyezoea huona kwamba seva tayari ina kadi ya SAS inayosimamia diski, akachomeka hapo hapo. Hilo ni kosa linalopoteza siku nzima, kwa maana kadi nyingi za RAID hazikubali kanda. Inatakiwa kadi ya pekee ya aina ya HBA. Vichwa vya kebo navyo vilingane: mashine nyingi zina tundu la SFF-8088, na kadi mpya zina SFF-8644, basi kebo yenye vichwa viwili tofauti ndiyo ya kuagizwa. Seva izimwe, kadi iingizwe, kebo isukumwe mpaka ishike. Mashine ya kanda iwashwe kwanza, na ikimaliza kujipima ndipo seva iwashwe. Kinyume chake seva huenda isiione.

Programu ya akiba inayokuja pamoja na Windows Server haiandiki katika kanda tangu toleo la 2008, kwa hiyo hutakiwa programu nyingine. Katika Linux kanda huonekana kwa majina mawili, st0 na nst0. Kwa jina la kwanza, kanda hurudishwa mwanzo kila kazi inapokwisha. Karani akiandika hesabu za Jumatatu, na kesho yake akaandika za Jumanne kwa jina hilo bila kubadilisha kanda, za Jumanne zitaandikwa juu ya zile za Jumatatu, wala mashine haitatoa onyo.

Mashine ikisikika inasimama na kurudi nyuma mara kwa mara, si lazima iwe mbovu. Mara nyingi seva inailisha data polepole mno, nayo hulazimika kusimama kungoja, na kanda huchakaa. Kanda ya kusafishia itumike mashine inapoiomba, si kila Ijumaa kwa mazoea.

Kuunga kukiisha, chama bado hakijawa na akiba. Tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhi kuu ya data. Zilipotafutwa nakala, ilionekana kwamba zile za kila siku hazikuwa zikifanyika, na barua za kuonya zilizotumwa na kompyuta zilikuwa zikikataliwa njiani. Walinusurika kwa nakala ya saa sita kabla, iliyofanywa kwa ajili ya shughuli nyingine. Basi kila mwezi katibu achague mwanachama mmoja, airudishe hesabu yake kutoka katika kanda hadi kwenye kompyuta nyingine, kisha ailinganishe na stakabadhi ya mwanachama huyo. Tofauti hata ya kilo moja iandikwe katika kumbukumbu za kamati.

Kanda isilale katika jengo moja na seva. Inapotoka nje hubeba majina na madeni ya watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo data ifungwe kwa maandishi ya siri, jambo ambalo mashine tangu LTO-4 zaweza kulifanya zenyewe. Kuondoka na kurudi kwa kila kanda kutiwe saini katika daftari. Neno la siri lisibandikwe juu ya kanda yenyewe. Liwekwe katika bahasha yenye lakiri ndani ya kasha la fedha, na bahasha hiyo ifunguliwe mbele ya mwenyekiti na katibu wote wawili.